Babu aliyefungwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumtafuta kwenye kumbukumbu za Uganda

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka kadhaa, mengi kwa simu, mengine barazani baada ya swala ya Ijumaa, na watu wa Bombo, Jinja, Arua, Hoima na Busia. Yote yanazunguka jambo moja: katika ukoo kuna mzee alishtakiwa, akafungwa, akahamishwa au akanyongwa, na hakuna anayetaka kulizungumza. Mimi si mwanasheria wala mwanahistoria wa chuo. Nilianza kwa kumtafuta babu wa mama yangu, Muganda wa Bulemeezi, ambaye nyumbani alitajwa kwa kunong'ona kama "mwizi wa ng'ombe". Vumbi la mafaili nikalizoea hapo.

Nianzie wapi: kwa wazee au kwenye nyaraka?

Kwa wazee, tena mwezi huu. Faili limeshasubiri miaka themanini, litasubiri tena.

Ila usiingie na swali la "alifanya kosa gani?" Utajibiwa hakuna kosa, karibu chai. Uliza ya pembeni. Hakuwepo kwenye mazishi ya nani? Shamba lake alilima nani? Mtoto yupi alizaliwa yeye akiwa hayupo? Alirudi na nguo gani, na kovu gani? Na faini, kama ilikuwepo, ililipwa kwa fedha ipi?

Swali la fedha linachekesha watu lakini limeniokoa mara nyingi. Faini ikitajwa kwa rupia, anza kutafuta kabla ya 1920. Mwaka huo ilikuja florini, haikudumu, na mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1920 shilingi ikashika nafasi. Kuna vigingi vingine vya kufungia tarehe: nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930, Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa wa Pili kupelekwa Uingereza Novemba 1953 na kurudi Oktoba 1955, tetemeko la Toro la Machi 1966, Wahindi kufukuzwa 1972. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa mwenyewe atakuambia bila kusita kwamba jaja (babu) alitoka jela "nzige wakiwa bado ardhini".

Mahali pazuri pa kuuliza ni kwenye kuhitimisha matanga, kile Waganda wanachokiita okwabya olumbe, mrithi anapotambulishwa. Watu wa mbali wamekuja, ukoo unatajwa kwa mpangilio, na jina linaporukwa utalisikia pengo lake. Andika nani ameliruka, kisha mfuate kesho yake akiwa peke yake.

Nyumbani wanasema "alifungwa Luzira". Nitafute Luzira?

Pengine hata hakuwahi kuiona. Midomoni mwa watu Luzira imekuwa jina la jela zote, kama Omo ilivyokuwa jina la sabuni zote za unga. Wengi wa makosa madogo walikaa jela za tawala za kienyeji: kkomera (jela) la saza, yaani kaunti, kule Buganda, jela za wilaya kwingineko. Jela hizo ziliendelea na uongozi wake hata baada ya uhuru, mpaka Sheria ya Magereza ya 2006 ilipoziweka zote chini ya Huduma ya Magereza ya Uganda. Luzira yenyewe, pale kando ya ziwa mashariki ya Kampala, ilikuwa ya vifungo virefu na ya waliohukumiwa kifo.

Basi uliza alikaa muda gani. Kama ni miezi, tafuta jela ya saza au ya wilaya. Kama ni miaka mingi, Luzira inawezekana.

Nitajuaje kesi ilisikilizwa mahakama ipi?

Swali hili ndilo linalobeba mengine yote, na ndilo watu hulipita mbio wakikimbilia jina. Ukiijua mahakama unajua lugha ya daftari, unajua sheria iliyotumika, na unajua faili lilipelekwa upande gani.

Uganda ya ukoloni ilikuwa na mahakama za njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kienyeji: Buganda ilianzia gombolola (kaunti ndogo), ikapanda saza, ikaishia Lukiiko, baraza la ufalme, pale Mengo. Utawala wa namna hiyo ulipelekwa pia mashariki, mara nyingi na mawakala Waganda, ndiyo maana hata Busoga au Bugisu utakutana na neno gombolola, na usishangae daftari la zamani likiwa limeandikwa Kiganda mahali ambapo hakuna aliyekuwa akikizungumza nyumbani. Njia ya pili ni ya serikali: hakimu, ambaye wilayani mara nyingi alikuwa Bwana DC (mkuu wa wilaya) mwenyewe, na juu yake Mahakama Kuu iliyowekwa na amri ya mwaka 1902. Kutoka hapo rufaa ilikwenda Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na chache mno zikafika kwenye baraza la rufaa la mfalme kule London.

Kwa kifupi, kuku aliyeibwa, jirani aliyepigwa, kodi isiyolipwa, mke aliyetoroshwa na kazi ya barabara iliyokimbiwa, tafuta gombolola. Mauaji, tafuta Mahakama Kuu. Mtu aliyezozana na Mzungu au Mhindi, tafuta kwa DC.

Nieleze daftari la gombolola lilivyo, maana watu hutegemea kukuta faili lenye picha. Lile nililofunguliwa mimi lilikuwa refu na jembamba, mgongo wa kitambaa umeliwa na mende, wino uliokuwa wa bluu umegeuka rangi ya chai. Kila kesi ilikuwa na namba, mshtaki, mshtakiwa, mistari mitano au sita ya Kiganda, kisha hukumu. Chini yake dole gumba mbili zilizokanyaga wino, na namba ya stakabadhi. Kesi ya babu yetu ilichukua chini ya nusu ukurasa. Alikuwa ameswaga ng'ombe wanne kuvuka mpaka wa saza wakati wa karantini ya ugonjwa wa mifugo, bila kibali. Faini, na asipolipa miezi miwili. Hakulipa.

Ng'ombe walikuwa wake.

Nilipomsomea mama alicheka mpaka machozi, kisha akanyamaza, kisha akauliza kwa nini basi shangazi zake wawili walikataliwa uchumba kule Luwero. Swali hilo halina daftari.

Jina lake halipo popote. Nimetafuta sana.

Umetafuta jina unaloliandika wewe. Tahajia ya Kiganda iliwekwa sawa mwaka 1947. Kabla ya hapo kila karani alikuwa na yake. Anayeanza na Ss- leo alianza na S- moja, na herufi l na r zilibadilishana viti karani alivyopenda. Sisi Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani, ndio tuna tabu zaidi: jina moja la Kiarabu nimelikuta limeandikwa kwa njia tano ndani ya faili moja, kutegemea kama aliyesikia alikuwa Mwingereza, Mgoa au Muganda. Litamke jina kwa sauti, halafu jifanye karani asiyejua lugha yako, uandike unachosikia.

Kuna pia majina ya ubatizo. Mtu alikamatwa akiwa na jina la ukoo, akabatizwa akiwa kifungoni au baada ya kutoka, akaishi maisha yake yote na jina la mtakatifu. Nyumbani mnajua la pili, daftari linajua la kwanza. Hapo rejista za ubatizo zinasaidia. Wamisionari Waanglikana wa CMS waliingia Buganda mwaka 1877, Wakatoliki wa Mapadre Weupe 1879, na parokia nyingi zimehifadhi vitabu vyao vizuri kuliko serikali. Kumbukumbu za Kanisa la Uganda zimetunzwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono. Kwa Waislamu hakuna kitabu cha namna hiyo. Uliza kwa sheikh kuhusu vyeti vya nikaha.

Kwenye kesi za Mahakama Kuu tafuta alama s/o au d/o baada ya jina. Ndivyo makarani wa Afrika Mashariki walivyofupisha "mwana wa" na "binti wa". Mara nyingi jina la baba ndilo lililoandikwa sawasawa, na la mshtakiwa likavurugwa.

Mafaili yenyewe yako wapi leo?

Yametawanyika. Nyaraka za serikali kuu ya ukoloni zilikaa miaka mingi katika ghorofa ya chini ya jengo la zamani la Sekretarieti, Entebbe, kisha zikahamishiwa Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu na Nyaraka, Wandegeya, Kampala. Nenda na kitambulisho cha taifa, barua ya kujitambulisha na penseli. Kama si raia, jiandae kuulizwa kibali cha utafiti kutoka Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia.

Wilayani hali ni tofauti kila mahali. Nyaraka za Kabarole zilisafishwa na kupigwa picha na Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, na mtu wa Toro ana bahati ambayo wengine hatuna. Jinja nazo zimepangwa. Kwingine utakuta chumba nyuma ya makao ya wilaya, ufunguo hauonekani. Kuna ofisi moja, siitaji, iliyonizungusha siku nne kwa neno "kesho". Siku ya tano mama anayefagia ndiye aliyenionyesha mlango, na ulikuwa wazi muda wote. Tangu hapo nawasalimia wafagizi kwanza.

Za Mengo zina mkasa wake. Mei 1966 jeshi liliivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na Bulange, lilikokaa Lukiiko, likawa makao ya jeshi. Nyaraka zilizokuwa huko zikapitia mikono ya watu ambao hazikuwahusu kabisa. Kama kesi ya babu yako iliishia Lukiiko, usitegemee daftari la juu peke yake. Rudi chini kwenye la gombolola au la saza, maana kesi ileile iliandikwa kila ngazi.

Wanasema aliua mtu. Nitapata wapi ukweli?

Kesi za mauaji ndizo zilizoandikwa kwa urefu kuliko zote, na ndizo ngumu kusoma. Kuna maelezo ya mashahidi, kuna ya daktari, na mara nyingine kuna maneno ya mshtakiwa mwenyewe, yaliyopita kwa mkalimani kabla ya kufika kwenye karatasi. Ukimsikia babu yako "akizungumza" Kiingereza safi cha mahakama, kumbuka kwamba alisema kwa Kilango au Kisoga, mtu wa pili akageuza, na hakimu akaandika alichoelewa.

Anza na taarifa za sheria zilizochapishwa, zile za Uganda na zile za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Zimo maktaba za vitivo vya sheria, na kesi inaitwa kwa jina la mshtakiwa baada ya Rex au Regina (Mfalme au Malkia), au kifupisho R. Si kila kesi ilichapishwa, ila iliyochapishwa inakupa namba, na namba ndiyo inayomwamsha mtunza nyaraka.

Kabla ya 1930 utakuta herufi I.P.C. na namba ya kifungu. Uganda ilikuwa ikitumia Kanuni ya Adhabu ya India. Kifungu cha 302 ni mauaji, 379 ni wizi, 392 ni unyang'anyi wa nguvu, 420 ni udanganyifu. Mwaka 1930 Uganda ilipata kanuni yake na namba zikabadilika, na inayotumika leo, pamoja na marekebisho yake, ilianza Juni 1950. Basi usisome namba ya 1915 kwa kitabu cha sheria cha leo. Nimemwona mtu akilia kwa kosa ambalo babu yake hakushtakiwa.

Aliyehukumiwa kifo faili lake lilipelekwa kwa Gavana, aamue kama atanyongwa au atasamehewa. Ndani yake ndimo mnamokaa barua ya kuomba huruma. Itafute kuliko hukumu. Hukumu inakueleza usiku mmoja. Barua inakueleza wake, watoto, deni, ugomvi wa mpaka wa shamba uliodumu miaka kumi, na majina ya watu waliokubali kumwombea.

Na niseme hili pia. Si kila faili linamsafisha mzee kama lilivyomsafisha wa kwetu. Alikuja mama mmoja kutoka Masindi na hadithi ya babu aliyefungwa kwa kumpinga Mzungu. Tulipata faili. Mzungu hakuwemo, alikuwa ameuawa mke mdogo, kwa mpini wa jembe, mbele ya mtoto aliyetoa ushahidi. Mtoto yule alikuwa mama yake huyo mama. Alikaa kimya, akaomba nakala mbili, akalipa, akaenda stendi. Ukiingia kwenye mafaili haya, ingia ukijua hilo linaweza kuwa lako.

Alinyongwa. Kaburi liko wapi?

Desturi ya magereza ya Kiingereza ilikuwa kumzika aliyenyongwa ndani ya uwanja wa gereza, mwili haurudishwi. Familia nyingi zimeziba pengo hilo kwa mgomba au jiwe nyumbani, na usiwatanie.

Kosa lake lilikuwa kutolipa kodi. Huyo naye ni mhalifu?

Kwenye daftari, ndiyo. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya kibanda ya rupia tatu, kodi zikaendelea kwa majina mbalimbali, na kodi ya vichwa tuliyoikimbia vichakani sisi wenyewe iliondolewa mwaka 2005. Karne nzima wanaume wa Uganda wamelala mahabusu kwa kukosa stakabadhi. Ukikuta kifungo cha mwezi mmoja au miwili kisicho na mlalamikaji, fikiria kodi kwanza.

Yapo mengine ya namna hiyo. Kule Kigezi waliofuata Nyabingi, ibada ya mizimu iliyopinga ukoloni, walishtakiwa kwa Sheria ya Uchawi ya 1912. Muhumuza, kiongozi wake aliyekamatwa 1911, alizuiliwa Kampala mpaka akafa 1945. Baada ya ghasia za Buganda za 1945 na zile za 1949 watu walifungwa na wengine wakahamishwa mbali na kwao. Wa 1945 ukimkuta, angalia mwezi: Januari ilikuwa migomo, na Septemba 5 aliuawa Katikkiro (waziri mkuu wa Buganda) Martin Luther Nsibirwa pale Namirembe, kwa hiyo waliokamatwa mwisho wa mwaka walitazamwa kwa jicho jingine kabisa.

Sisi ni Wanubi, na inasemekana babu yetu alikuwa kwenye uasi wa 1897. Kuna lolote?

Lipo, na ni mojawapo ya matukio yaliyoandikwa sana, ingawa yaliandikwa na upande mmoja. Askari wa Kisudani walioletwa na Lugard, afisa Mwingereza, mwaka 1891 walikuwa wamechoshwa na mishahara midogo iliyocheleweshwa, safari zisizoisha, na kutenganishwa na wake zao. Septemba 1897 walipoamriwa kufuatana na msafara wa Macdonald, afisa mwingine Mwingereza, waligoma, wakarudi hadi ngome ya Lubwa kule Busoga, na Oktoba wakawaua Meja Thruston na Wazungu wawili waliokuwa naye. Mapigano yaliendelea hadi 1898. Kuna waliouawa vitani, kuna waliohukumiwa na kuuawa, na kuna waliotoweka kaskazini ya Ziwa Kyoga wakabadilisha majina.

Barua za wakati huo haziko kwenye mafungu ya Wizara ya Makoloni, kwa sababu Uganda ilihamishiwa huko mwaka 1905. Tafuta za Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, fungu FO 2. Viongozi wanatajwa kwa jina, Mbaruk Effendi kwa mfano. Askari wa kawaida mara nyingi ni namba tu. Lakini wapo pia waliobaki upande wa serikali, na nimeona familia mbili za Bombo, majirani, kila moja ikidai babu yake ndiye aliyeasi na wa jirani ndiye aliyebaki. Miaka ya nyuma madai yalikuwa kinyume chake.

Alipotea au alihukumiwa enzi za Amin. Kuna kumbukumbu?

Chache, na za vipande. Mwaka 1975 iliundwa mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, ikiendeshwa na wanajeshi, ya kushughulikia magendo, kuficha bidhaa na kuuza juu ya bei. Mtu aliyeambiwa "alikuwa jambazi" huenda alivusha magunia ya kahawa usiku kwenda Kenya. Mahakama za kijeshi hazikuacha daftari kama la gombolola, lakini barua za wilayani za miaka hiyo zipo, na zinataja watu.

Tume mbili zinafaa kutafutwa. Ya 1974, chini ya Jaji Saied, ilichunguza waliotoweka. Ile iliyoundwa 1986 chini ya Jaji Oder ilisikiliza mashahidi kwa miaka na ripoti yake ikatoka 1994. Maneno ya mashahidi ni mengi, na ni mazito.

Kwa familia za Arua na Bombo swali mara nyingi ni la upande wa pili: babu alikuwa askari wa Amin. Baada ya 1979 wengi walikaa Luzira miaka bila kesi kusikilizwa. Kwa hiyo usitafute hukumu. Tafuta orodha za walioachiliwa, na uulize waliotoka naye.

Gereza au polisi watanipa faili lake?

La miaka ya karibuni, si rahisi. Kuna Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019. Lakini kuna pia Sheria ya Kupata Habari ya 2005, inayomruhusu raia kuomba kwa maandishi na kuitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Andika barua fupi: jina kwa tahajia zote, mwaka, kosa, uhusiano wako naye. Ambatanisha barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) inayothibitisha ukoo, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua yako haikuwahi kufika.

Magazeti ya zamani je?

Yanasaidia ukiwa tayari na mwezi. Munno lilianza 1911, Uganda Herald 1912, Uganda Argus 1955. La Kiingereza la zamani lilimtaja Mzungu mlevi kwa jina na cheo, na Mwafrika aliyeuawa likamwita "mwenyeji mmoja". Ya Kiganda yana majina, na yana umbea. Anzia maktaba ya Makerere.

Lazima niende London?

Hapana. Orodha ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, inasomwa bure kwenye intaneti, na nakala unaweza kuagiza kwa malipo. Fungu CO 536 lina barua za Gavana wa Uganda kwenda London. FCO 141 ni yale mafaili yaliyosafirishwa kimyakimya wakati wa uhuru na kufichwa mpaka yalipoanza kufunguliwa mwaka 2012. Kuanzia 1961 maafisa wa Uganda walikuwa wakichambua yapi yaende Uingereza na yapi yachomwe, na yaliyochomwa hakuna wa kuyaagiza. Mfungwa wa kawaida humkuti huko. Unamkuta aliyehamishwa kwa amri ya Gavana, au aliyeandikiwa barua ya huruma.

Nikishajua, niitafute familia ya aliyeuawa?

Nimeulizwa hili mara tatu. Mara mbili nilisema subiri, na bado nasema subiri. Wewe umesoma faili mwaka huu. Wao huenda wamekaa na jambo hilo kila siku, au wamewaficha watoto wao kama nyinyi mlivyofichwa. Ukiamua, usiende wewe kijana na karatasi mkononi. Mtafute mzee wa ukoo wenu amwendee mzee wa ukoo wao, mikono mitupu, aulize kama wanataka kusikia. Jibu likiwa hapana, hiyo ndiyo haki yao.

Rekodi ya babu itaniharibia cheti cha tabia njema?

Haitakuharibia. Polisi wanakagua alama za vidole vyako wewe.

Nimepata jalada, lakini ndani hamna kitu.

Hutokea. Karatasi zimeliwa na mchwa, zimefungia karanga, au zilitolewa kupelekwa rufaa zisirudi. Usilirudishe bado. Soma jalada lenyewe, mbele na nyuma, maana makarani waliandika juu yake safari ya faili: tarehe, ofisi, herufi za jina. Kisha tafuta waliokamatwa pamoja naye. Mtu haibi ng'ombe kumi na wawili peke yake.

Kijana mmoja wa Jinja alihangaika mwaka mzima na jalada tupu la babu yake. Tukaomba la mshtakiwa wa pili, jina lisilomhusu kabisa. Lilikuwa nene kama Kurani. Katikati, kati ya stakabadhi ya posho ya mahabusu na ramani ya zizi iliyochorwa kwa penseli, kulikuwa na kurasa nne za maelezo ya babu yake, zimewekwa humo kimakosa, na dole gumba lake kila ukurasa. Kijana aliweka lake kando ya lile, bila kuligusa, akalitazama mpaka mtunza nyaraka akaja kusema saa zimekwisha.